Siku moja maishani mwangu: njia panda ya angani

Saa 10:40 alfajiri. Kituo changu cha magari ya kebo ni njia panda: hapa kebo ya shina, yaani njia kuu, inagawana kabini za abiria na kebo za matawi mawili. Tunatoa kabini gereji moja moja. Mashine inapima nguvu ya kila kibano kinachoshikiza kabini kwenye kebo, lakini nami natega sikio. Kibano kizima kinaishika kebo kwa mlio mmoja mkavu, ta! Nikisikia miwili, kabini inarudi gereji.

Saa 12:00 asubuhi. Milango wazi. Kebo inakwenda mita 5 kwa sekunde, kabini zinafika kila sekunde 12, zikiachana mita 60. Kibano kinaachia, matairi yanaipunguzia kabini kasi hadi mwendo wa kutambaa, swichi inapokezana: kushoto, kulia, kushoto. Kila tawi linapata yake kila sekunde 24.

Saa 1:35. Kugawa ni kazi ya swichi. Kuzirudisha ndiko kunakonitoa jasho. Kabini inayotoka tawini lazima idake pengo lake kwenye shina, na pengo halisubiri. Leo begi la mtu limebana mlango wa namba 47 ya kushoto. Sekunde 4 tu, pengo limekwenda! Linalofuata ni la kulia. Ndiyo maana katika kila mapengo 10 naacha 1 la akiba. Wakubwa wanaliita hasara, kwani kabini 300 kwa saa zinabaki 270. Waje wakae hapa asubuhi moja.

Saa 5. Kimya, namshukuru Mungu.

Saa 8:20 mchana. Upepo tawi la kulia. Nalishusha hadi mita 3 kwa sekunde, na hesabu inavurugika papo hapo: zinazorudi zinafika kila sekunde 40, shina bado linaniletea za kwenda huko kila sekunde 24. Kituo kingefurika. Nalikata tawi lijizungukie peke yake, kabini za shina nazigeuzia hapa, abiria wanabadili kwa miguu. Wananuna, ingawa La Paz, jiji la Bolivia lenye magari ya kebo, watu wanabadili laini hivyo tangu 2014, kila kabini ikibaki na kebo yake.

Saa 10:05 jioni upepo umetulia, nimeliunganisha tena. Kisha msongamano hadi giza.

Saa 3:30 usiku. Kuhesabu. Gereji ya kushoto imepungua moja, ya kulia imezidi moja. Naenda na tochi: namba 47. Naandika kwenye daftari la zamu, ianze kesho kulia.