Maua Tele, Nyanya Hakuna: Siku Moja ya Bibi Shamba wa Ruaha Mbuyuni

Saa 11:25 alfajiri

Kabla hata sijanawa uso nakwenda kutazama kipimajoto kilichoning'inia kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Nyuzi 24. Hiyo ndiyo baridi yote tuliyoipata usiku wa kuamkia leo, mwisho wa Oktoba, huku bondeni. Wenzangu wa Ilula, ukishapanda mlima wa Kitonga, saa hizi bado wamejikunyata kwenye blanketi. Barabara ni hiyohiyo moja iendayo Zambia, lakini kwa nyanya huko ni dunia nyingine.

Naandika 24 kwenye daftari. Ni usiku wa kumi na moja mfululizo ambao joto halijashuka chini ya 22. Nyanya hupenda usiku wa nyuzi 15 hadi 20 hivi. Mchana wa jua kali hulalamikiwa na kila mtu. Usiku wa joto haulalamikiwi na mtu, maana tumelala.

Saa 1:10 asubuhi

Jana usiku kijana mmoja anayelima ng'ambo ya mfereji alinipigia. "Dada, njoo uone mwenyewe. Maua yote yako chini." Amekodi ekari moja, amepanda nyanya aina ya Tanya, na fedha ni ya mkopo wa kikundi.

Nafika namkuta amesimama katikati ya matuta, bomba la dawa mgongoni. Ameshapiga chupa tatu za boosta, dawa ya kuchochea maua, ndani ya wiki mbili. Ananiambia muuzaji alimhakikishia kwamba maua yatashika yote.

"Una hakika si kanitangaze?" ananiuliza. Ndilo swali la kwanza la kila mkulima siku hizi. Nageuza majani, natafuta zile njia nyeupe ambazo yule mdudu huzichimba ndani ya jani. Hakuna. Nakung'uta maua juu ya karatasi nyeupe nione kama vithiripi, vile vidudu vidogo vya kwenye maua, vitaanguka. Viwili tu, havitoshi kumaliza shamba.

Nachuchumaa, namwambia naye achuchumae. Kichala cha chini kina nyanya nne, ukubwa wa yai. Kichala cha pili kina nyanya moja kama gololi, na vikonyo vitatu vitupu. Cha tatu ni vikonyo tu, kama chanuo lililong'oka meno. Juu kabisa maua ya njano yamejaa, yanapendeza hata kwa picha.

"Mdogo wangu, hiki cha chini kilichanua lini?"

Anahesabu kwa vidole. "Katikati ya Septemba."

"Na hiki kitupu?"

Ananyamaza kidogo. "Joto lilipoanza."

Mmea wa nyanya umeandika hali ya hewa kichala kwa kichala, ukianzia chini. Ukijua kuusoma hivyo, nusu ya kazi yangu imekwisha.

Nashika ua moja lililoanza kunyauka. Katikati ya kikonyo chake kuna kifundo kidogo, kama goti. Hapo pamegeuka manjano. Naligusa kwa ncha ya kidole, linadondoka. Hakuna jeraha wala alama ya meno. Mmea wenyewe ndio umeliachia, maana ua lisilorutubishwa halina kazi tena.

Kisha nachukua ua bichi, nalipasua ile pembe ya njano ya katikati kwa ukucha, nalikung'uta juu ya kioo cheusi cha simu. Ua zima huacha vumbi jingi, kama unga wa muhogo mkononi. Hili limeacha chembe za kuhesabika. Na tazama kitu kingine: kile kijiti cha katikati kinachopokea chavua kimechomoza nje kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Kwa kawaida hukaa ndani ya ile pembe, na chavua humwagika humohumo ua likitikiswa na upepo. Joto hukirefusha, chavua kidogo iliyobaki inamwagikia pasipo mpokeaji.

"Sasa boosta?"

Namweleza kwamba chavua ya ua la leo iliumbwa tangu wiki moja hadi mbili zilizopita, ua likiwa bado tumba. Joto lililoiharibu lilipita siku zile. Boosta anayoipiga asubuhi hii inafika msibani.

"Kwa hiyo nimepigwa." Sikumjibu.

Saa 3:00 asubuhi

Kabla sijaondoka nagundua kwamba dawa ya wadudu naye huipiga saa hizihizi, maua yakiwa wazi. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa ndio wanaojua kazi ya nyanya: hung'ang'ania ua, hutetemesha misuli ya mabawa mpaka lilie, na chavua inamwagika. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Nimemwomba ahamishie bomba jioni. Hata joto likipungua, atawahitaji.

Saa 4:20 asubuhi

Shamba la mzee mmoja jirani na barabara. "Kamwene, mwanangu." Hapa maua ni machache na yanadondoka, lakini kisa ni kingine. Majani yana kijani cha kutisha, shina ni nene kama kidole gumba, ukiingia katikati ya mistari hutoki bila kupasua njia. Ameweka Urea mara tatu. Mmea umeshiba naitrojeni, unajijenga majani, kuzaa umeahirisha.

Nilimwambia aache Urea na apunguze machipukizi ya pembeni. Sikumsema sana. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimshauri mama mmoja aongeze CAN, nayo ni mbolea ya naitrojeni, kwa sababu maua yalikuwa yanadondoka, na alivuna msitu. Mpaka leo tukikutana gulioni ananisalimia kwa heshima, nami naona aibu.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie. Kipimajoto cha mfukoni, kivulini, kinasoma 36. Ikivuka 32 nyanya za kawaida huanza kushindwa.

Saa 8:30 mchana

Ripoti. Fomu ina safu ya wadudu, safu ya magonjwa, safu ya mbolea. Ya joto haipo. Kama kawaida nimejaza kwenye "Mengineyo", neno moja baada ya jingine mpaka nafasi ikaisha.

Saa 10:40 jioni

Narudi kwa kijana. Alishaanza kufikiria kung'oa. Nimemkatalia: mmea wenyewe ni mzima, na mvua zikianza na joto likashuka, vichala vya juu vitabeba. Hadi hapo amwagilie jioni, maji kidogo lakini bila kuruka siku, maana ardhi ikikauka na kuloa kwa kupokezana maua huanguka hata bila joto. Aweke nyasi kavu chini ya miche zipoze udongo. Kila saa 4 asubuhi apite akigongagonga vijiti vilivyoshika mimea, kusaidia chavua kidogo iliyopo. Na msimu ujao apange tarehe ya kitalu ili maua yaje Juni au Julai, au atafute mbegu chotara inayovumilia joto.

Hakufurahi. Alitaka jina la dawa. Matenga aliyoahidi kikundini hayatatimia, na hilo sina la kulifanya.

Nimemwachia kipimajoto changu cha akiba, tumekitundika kwenye kijiti kati ya mstari wa tano na wa sita.

Saa 3:05 usiku

Ujumbe kwenye simu: "Dada kinasema 29. Hii ni mbaya?"

Nimemjibu: "Lala. Kiangalie saa 11 alfajiri, uniandikie."