Yeftha kwenye redio, jikoni Leeds

Jumapili iliyopita nilikuwa zamu ya jioni kwa mzee mmoja ninayemhudumia hapa Leeds. Ujana wake wote aliimba besi, na redio yake haihami Radio 3 ya BBC. Nilikuwa napasha supu akaniita: "Njoo ukae, wanarusha Jephtha."

Jephtha ni Yeftha wetu wa Waamuzi 11, aliyeweka nadhiri kwamba akishinda vita atamtolea Mungu chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki. Akatoka binti yake wa pekee, na matari, akicheza. Handel aliitungia hadithi hiyo oratorio: waimbaji, kwaya na okestra wanaisimulia kwa kuimba tu, hakuna anayeigiza. Ilisikika mara ya kwanza London, Februari 1752.

Handel namjua tangu kwaya ya usharika kule Moshi. Krismasi tuliimba Haleluya yake kwa Kiswahili, mwalimu akituandikia do-re-mi ubaoni. Ila siku zote nilidhani ni Mwingereza. "Hapana," mzee akasema, "ni Mjerumani wa Halle. Alikuja kutafuta maisha kama wewe."

Sehemu ya pili ilipokaribia kuisha, baba ameshaona hawezi kurejea nyuma, kwaya ikaingia kwa uzito: How dark, O Lord, are thy decrees, yaani, ee Bwana, maamuzi yako ni giza kweli. Mzee akainua mkono nisigonge kijiko. Ilipokwisha akanifungulia kitabu chake cha noti, kimejaa alama za penseli za mahali pa kuvuta pumzi, akaweka kidole katikati ya ile kwaya. Hapo, Februari 13, 1751, kalamu ya Handel ilisimama. Jicho la kushoto lilikuwa linamshinda, akaandika sababu palepale kwenye karatasi ya noti. Aliiandika kwa Kijerumani. Siku 10 baadaye, siku aliyotimiza miaka 66, akaongeza kwamba amepata nafuu kidogo. Kijerumani tena.

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Karibu miaka 40 Uingereza, maneno anayoyatungia muziki ni ya Kiingereza, na jicho linapozima anarudi kwa lugha ya mama yake. Mimi nina miaka tisa hapa. Ripoti za zamu, vipimo vya dawa, barua za ofisini, vyote Kiingereza. Lakini usiku ule nilipopigiwa simu kutoka nyumbani, kwenye daftari langu niliandika: Baba ametutoka.

Sehemu ya tatu malaika anashuka, binti hauawi tena, anawekwa wakfu kwa Mungu abaki bikira. Biblia haina malaika huyo. Inasema baba alimtenda sawasawa na nadhiri yake. Kwangu mimi malaika yule hakuondoa uzito wa ile kwaya hata kidogo.

Wakati namfunika blanketi mzee akaniuliza: ile kwaya ingeimbwaje kwa Kiswahili? Nikajaribu. How dark, O Lord ni silabi nne, na "Giza, Bwana" ni nne pia. Lakini muziki unakazia ya pili na ya nne, sauti ikawa inaangukia "za" na "na", ikagoma. Nikaweka "Ni giza, Bwana", ikazidi silabi moja. Mzee akanipa sauti ya besi taratibu, tukarudia tena, na tena, mpaka saa ya dawa.