Wateja wangu wote wa Dar walikuwa mimi mwenyewe

Naanza na aibu, ili nikija kujisifu huko mbele mnivumilie. Machi 2024 nilimtumia wifi yangu wa Mwanza picha ya skrini: wageni 23 dukani kwangu kwa siku moja, karibu wote wa Dar es Salaam. Nikamwandikia, "Wifi, Kariakoo wameamka!" Duka lenyewe ni la mtandaoni, nauza dagaa, migebuka mikavu na mawese, na mimi niko zangu Mwanga, Kigoma. Siku ile sikuuza hata kopo. Kesho yake pia.

Kijana aliyenitengenezea duka kwa WooCommerce, programu ya kuendesha duka la mtandaoni, alifanya kazi nzuri, sina neno. Nilipomwambia nataka kujua wageni wanatoka wapi, akachukua laki na kitu, akabandika kodi ya Google Analytics, ile huduma ya Google ya kuhesabu wageni, kwenye tovuti (kodi ya kompyuta, siyo ya TRA) na kuniachia ushauri: "Mama, ukitaka kuhakikisha inasoma, fungua duka kwa dirisha fiche, ile incognito." Ushauri huo ndio ulioniponza. Nikiweka sufuria jikoni, nafungua dirisha fiche. Nikitoka Kibirizi kuchukua mzigo, dirisha fiche. Kumbe Analytics haimjui mtu, inajua kidakuzi, kialama kidogo kilichowekwa kwenye kivinjari, na dirisha fiche likifungwa kidakuzi kinafutwa. Kila niliporudi nilikuwa mgeni mpya kabisa, karibu dukani.

Nilijikamata jioni moja. Nimefungua kwenye laptop ile ripoti ya wageni wa dakika 30 zilizopita, simu iko mkononi. Mgeni mmoja, Dar es Salaam, yuko kwenye ukurasa wa migebuka. Nami kwenye simu niko kwenye migebuka. Nikahamia mawese. Punde naye akahamia mawese. Nikarudi kwenye dagaa, nikasubiri. Huyoo, kwenye dagaa! Nilicheka peke yangu mpaka mwanangu akaja kuuliza kuna nini. Nikitumia data ya simu, namba yangu ya IP, yaani anwani ya simu mtandaoni, inasomeka Dar, ingawa nimekaa mwisho wa reli natazama ziwa.

Nikasema basi, nafanya mwenyewe kwa Google Tag Manager, chombo cha Google cha kupanga vipande vya kodi kama hivyo mahali pamoja. Kufungua akaunti hakuna cha kueleza. Kontena, yaani kapu la tovuti yako, inakupa namba inayoanza na GTM, ndani yake unaweka tagi, kipande cha kodi cha kuhesabu, yenye ile namba ya Analytics inayoanza na G. Nikabonyeza Hakiki, kila kitu kikawaka kijani, nikalala kwa raha. Siku tatu nzima sikuona dalili ya tagi yangu hata moja. Hakiki inakuonyesha wewe tu uliyebonyeza. Usipochapisha kontena, wageni hawapati kitu. Nikachapisha. Kesho yake kurasa zilizotazamwa zimeongezeka mara mbili, nami, sikomi, nikafurahi tena! Ni kwamba kodi ya yule kijana bado ilikuwa pale pale, kila ukurasa unahesabiwa na yeye na mimi. Ukiona namba zako zinapendeza ghafla, ukaguzi wa kwanza uwe huo.

Sasa sehemu ninayojivunia. Wateja wangu hawajazi fomu ya malipo. Wanasoma bei, wanabonyeza kitufe cha WhatsApp, halafu: "Dada, dagaa wapo? Bei ya mwisho?" Ripoti ya mauzo inasema sifuri huku mimi nafunga maboksi ya kupeleka stendi. Nikaweka tagi ya kuhesabu kila anayebonyeza kiungo chenye wa.me, anwani fupi ya WhatsApp. Nikajaribu: kimya. Nikabadilisha hiki na kile, nikafuta, nikaanza upya, wali ukaungua. Saa nne usiku nikakibonyeza kile kitufe kwa muda mrefu ili kiungo chake kijitokeze, nikakuta kinaanza na api.whatsapp.com. Wa.me haimo kabisa! Nikaongeza na hiyo, tukio nikaliita uliza_whatsapp, na tangu hapo najua bidhaa gani inaulizwa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huohuo, watu waliendelea kuuliza dagaa kama vile hawasikilizi redio, nami kwenye ukurasa uleule nikawawekea mawese juu kabisa. Yalikwenda.

Kuna aliyenishauri nipitishe namba za simu za wateja ndani ya tagi "ili uwajue kwa majina". Google wenyewe wanakataza, na hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mshauri yuleyule akasema niizuie IP yangu isihesabiwe. Ya data ya simu inabadilika kila mara, utazuia ngapi? Mimi niliweka alama kwenye kisanduku kimoja cha programu-jalizi, kile kiongezo cha tovuti, tagi zisifanye kazi kwa aliyeingia kama msimamizi.

Jambo jingine ni viungo. Mtu akitokea WhatsApp, Analytics kwa kawaida haijui ametokea wapi, inamweka kwenye kapu la waliokuja moja kwa moja. Kwa hiyo kila ninapoweka kiungo nakifunga mkia wake wa utm, maneno ya mwishoni yanayoiambia Analytics mtu ametokea wapi: cha status yangu, cha maboksi, cha wifi. Tangazo la Facebook nililolipia kama elfu thelathini lilileta watazamaji wengi na waulizaji wawili. Status ya wifi, ya bure, ilileta kumi na mmoja wiki ileile. Nikafanya kosa la kumwambia, sasa anadai kamisheni, na kwa kweli sina hoja ya kumpinga, namba nimezitega mwenyewe.

Mpaka leo nikiona mgeni mmoja wa Dar anazurura kwenye migebuka, kabla sijamwambia mtu, naangalia kwanza simu ya mwanangu iko wapi.