Mabeki watatu kwenye kiwanja chembamba

Nusu fainali ya mashindano ya kata ilipangiwa kiwanja kimoja cha Korogwe, Jumapili saa kumi jioni. Ijumaa nilikwenda kukipima kwa hatua, na hapo hapo mfumo wetu wa 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) nikauweka kando. Upana haukufika mita 50. Sheria inaruhusu hata mita 45, kwa hiyo hapakuwa na la kulalamikia, ila winga hafanyi kazi pale. Akipokea mpira, mgongo wake uko kwenye mstari, na kabla hajageuka beki wa pili amekwishafika. Kiangazi kilikuwa kimekausha ardhi, mpira ukidunda unapita kichwa. Isitoshe, beki wetu wa kushoto alikuwa anatumikia adhabu ya kadi mbili za njano.

Wapinzani walicheza 4-4-2, mbele wana vijana wawili warefu, na kipa wao hakuwa na pasi fupi. Mabeki wawili wakikaba washambuliaji wawili kwenye ardhi ya namna ile, kila mpira wa juu ni kamari: ukimpita mmoja, nyuma hakuna mtu. Wakiwa watatu, wawili wanaruka na mmoja anabaki kuokota. Nikaamua 3-5-2.

Kazi kubwa ilikuwa kugawa nafasi. Makocha wengi humweka katikati beki mwenye kasi kuliko wote. Mimi nilimweka nahodha, ambaye hakuwa na mbio lakini alikuwa na sauti, na anajua mpira utaangukia wapi. Kasi inatakiwa kwa wale wa pembeni yake, kwa kuwa wao ndio huvutwa kwenda kwenye kibendera cha kona. Kulia alisimama kijana ambaye siku zote ni namba mbili, yaani beki wa pembeni kulia. Kushoto nilitaka mguu wa kushoto, hata kama yupo wa mguu wa kulia aliye bora kidogo, maana huyo akipewa mpira upande ule hugeuza mwili kwanza ndipo apige, na kugeuka huko kunatosha kunyang'anywa.

Katika wale watano wa kati, wawili hucheza pembeni kwa kupanda na kushuka; hao niliwatoa kwa mawinga. Vijana walikuwa wamemwona Victor Moses, winga, akiicheza nafasi hiyo Chelsea chini ya Antonio Conte msimu wa 2016/17, wakadhani ni kupanda tu. Ikabidi niwaonyeshe kwamba nyuma ya Moses alikuwepo Azpilicueta, beki wa pembeni kwa asili yake, aliyejua kutoka kwenda kufunika. Ndiyo sababu nilimhitaji namba mbili wetu pale nyuma.

Jumamosi tulitembea uwanjani bila mpinzani. Kati ya beki na beki hatua kumi na mbili. Kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa kwanza isizidi mita 35. Nikipiga filimbi, wanasimama, tunapima.

"Mwalimu, nikipanda mimi, nani anabaki?" aliuliza yule wa pembeni kushoto.

"Kiungo namba sita anasogea upande wako. Na mwenzako wa kulia haruhusiwi kuvuka katikati ya uwanja mpaka urudi."

Kasoro kubwa ya mfumo huu ni hiyo. Wakipanda wote wawili, mpira mmoja wa kukatiza unawaacha mabeki watatu na uwanja mzima. Wakiogopa kupanda, mnakuwa watano nyuma na kiungo kinamezwa.

Kipindi cha kwanza mambo yalikwenda tulivyopanga. Nahodha aliokota karibu kila mpira uliodondoka, na tukapata bao kwa krosi ya kushoto. Baada ya mapumziko wapinzani walimtoa kiungo mmoja wakaingiza winga, na sasa wakawa na watatu mbele. Faida yetu ikaisha: watatu kwa watatu, na winga mpya alikuwa anamvuta beki wetu wa kulia hadi kwenye mstari. Wakasawazisha kupitia pengo lililobaki kati yake na nahodha.

Hapo sikugusa benchi. Mpira ulipotoka nje nilimwita nahodha nikamwambia: "Nne nyuma, kumi kushoto." Tulikuwa tumelifanyia zoezi. Beki wa kulia anarudi kuwa namba mbili, wa pembeni kushoto anashuka kuwa namba tatu, beki wa kushoto, wa pembeni kulia anapanda kuwa namba saba, winga wa kulia, na kiungo namba kumi anahamia kushoto. Sita na nane wanabaki katikati, washambuliaji wawili mbele. Ni 4-4-2, na watu wanne tu ndio waliohama. Ningemhamisha kila mtu, dakika tano zingepotea wakiulizana nani anamkaba nani, na katika dakika kama hizo ndipo timu hufungwa.

Tulishinda 2-1, kwa kona.

Beki wetu wa kushoto alirudi kwa ajili ya fainali. Nilimweka benchi. Alikuwa hodari kuliko yule winga wetu wa pembeni kushoto katika kukaba, lakini fainali ilikuwa kwenye kiwanja kilekile, na kwa 3-5-2 nafasi yake haikuwepo: hakuwa na pumzi ya kupanda na kushuka dakika 90, wala kimo cha kuwa mmoja wa wale watatu.