Bibi anasema kuni zilikuwa mbichi

Jana binti yangu alikuwa anatafuta neno kwenye ile kamusi kubwa. Aliifungua, akasita, akaisogeza puani.

"Baba, hii iliungua?"

Haikuungua. Ilikaa tu kwenye rafu ya sebule ile, mwaka ule wa lile jiko, ikala moshi kama sisi wengine. Nilidhani harufu ilishatoka zamani. Kumbe bado imo, hasa kuanzia herufi K hivi.

Jiko lenyewe tulilikuta ndani ya nyumba: la chuma, zito, mlango umelegea kidogo, bomba lake linapanda hadi darini. Kwenye bomba, usawa wa kifua, kulikuwa na kishikio cha kugeuza kile kisahani cha ndani kinachobana moshi au kuuachia. Mwenye nyumba alilipiga kofi, akasema halina shida. Mwezi mzima nikahangaika nalo. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Niliwasha kwa karatasi nyingi, kwa karatasi chache, kwa hasira. Siku nyingine lilikubali. Siku nyingine lilitema moshi kwenye kila upenyo, hata pembeni mwa mifuniko ya juu, nikaamini kabisa kwamba lina kisirani. Nilishaanza kuulizia mtu anayechukua chuma chakavu.

Halafu mama mkwe akaja.

Ilikuwa jioni ya baridi, na mchana kutwa hatukuwa tumewasha. Nilitaka aione nyumba ina joto, aone binti yake hakupotea njia. Nikapanga kuni, nikawasha, nikafunga mlango, nikasimama pembeni kama fundi aliyemaliza kazi. Moshi haukupanda hata kidogo. Ulirudi wote sebuleni, mzito, wa kijivu, ukaanza kutambaa chini ya dari. Kengele ya moshi ikapiga mayowe. Mke wangu akakimbilia madirisha. Mimi nikafungua mlango wa jiko kwa pupa, na hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu kilichokuwa kimebaki ndani nacho kikatoka kwa mkupuo.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ncha ya mtandio puani, kimya. Alisubiri moto ufe wenyewe. Ulikufa haraka, sina budi kusema ukweli. Ndipo akainuka, akapapasa bomba kwa kiganja, juu, chini, kama mtu anayemtazama mgonjwa homa. Akachuchumaa.

"Baba, lete mkono wako."

Akanishika kifundo, akaingiza mkono wangu ndani kupitia mlangoni, mgongo wa kiganja ukielekea juu, pale dohani inapoanzia. Nilihisi baridi ikinimwagikia kwenye vifundo vya vidole. Si upepo wa kuvuma. Ilikuwa hewa inayoteremka taratibu, kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye birika bila haraka.

"Inashuka," akasema. "Wewe unaupeleka moshi juu, na juu kuna mwenyewe."

Bomba lilikuwa limepoa siku nzima. Hewa baridi ni nzito, imeketi mle ndani kama kizibo, na moto mchanga hauna nguvu ya kuisukuma. Hayo aliyasema kwa maneno machache kuliko niliyotumia hapa. Akachukua ukurasa wa gazeti, akausokota, akauwasha, akauinua ndani karibu na tundu la bomba.

Ule mwali nauona hadi leo. Kwanza uliinama kutuelekea sisi, ukatetemeka kama unaopulizwa na mtu aliyejificha juu. Mama hakuutoa mkono. Mwali ukasimama. Ukayumba. Kisha ukarefuka ghafla, mwembamba, ukavutwa juu, na kipande cheusi cha gazeti kikang'oka na kupaa kikapotea. Bomba likaanza kunguruma kidogo, mngurumo wa paka aliyeshiba.

"Sasa washa."

Nikawasha. Moshi ukaenda zake, tena bila kugeuka nyuma.

Mengine alinifundisha siku zilizofuata, na mengi nimeyasahau kwa sababu yamekuwa mkono tu. Weka magogo chini na vibanzi juu, washa kutoka juu. Ukitaka kuongeza kuni, fungua mlango upana wa kidole kwanza, hesabu kidogo, ndipo uufungue wote. Usifunge kile kisahani wakati makaa bado mekundu, maana hewa ya makaa inaua na haina harufu. Gonga kuni mbili: zilizokauka hulia ngwa, mbichi hutoa sauti ya kiatu kwenye tope. Zangu zilikuwa za kiatu. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji. Nilikuwa nachemsha maji bila sufuria. Fundi alipokuja kusafisha dohani alikwangua masizi mang'avu kama lami, akanionyesha kiganjani bila kusema neno. Hiyo kitu hushika moto.

Lakini kuna jambo moja. Asubuhi baada ya ule usiku nilikuta kishikio cha bomba kimesimama wima. Mimi nilikiacha kimelala, na kwa mwezi mzima nilikuwa najua, kwa yakini ya mtu asiyewahi kuuliza, kwamba kimelala maana yake wazi. Nikafungua bomba kutazama. Kilivyolala, kisahani kilikuwa kimeziba karibu njia yote.

Sasa je, ni gazeti, au ni pale alipopapasa bomba? Nilimuuliza asubuhi ileile. "Kishikio gani?" akasema, akaendelea na chai yake.

Nilimwambia binti yangu ampigie bibi yake simu amuulize kama kamusi iliungua. Akapiga. Nilisikia bibi anacheka kwa muda mrefu upande wa pili, kisha mtoto akaniletea jibu.

"Anasema kuni zilikuwa mbichi."