Onyo la kirusi likifika, hivi ndivyo ninavyolikagua

Ofisini kwetu Dar es Salaam mimi ndiye niliyeitwa kompyuta ikigoma, kwa hiyo kila barua pepe yenye kichwa cha "TAHADHARI, KIRUSI KIPYA!!!" iliishia kwangu. Iliyonipa utaratibu ninaoutumia mpaka leo ni ile ya dubu, mwaka 2002.

Barua ilituagiza tutafute faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo wa kijivu. Ukilikuta, lifute haraka: programu za kukinga virusi hazilioni, nalo hulala siku 14 ndipo liharibu mashine. Kisha wajulishe wote uliowahi kuwaandikia. Mhasibu wetu akatafuta, akalipata. "Kaka, dubu huyu hapa, nifute?" Nikamwomba asubiri kidogo.

Utamu wa uzushi ule ulikuwa hapo hapo. Kila aliyetafuta alipata, na aliyepata aliamini. Mimi nikaenda kwenye kompyuta ya kuchapia barua, ambayo haikuwahi kuunganishwa na intaneti, nikatafuta faili lile lile. Dubu alikuwemo. Sasa kirusi cha barua pepe kingefika pale kwa njia gani? Nikafungua tovuti ya Symantec, kampuni ya programu za kukinga virusi, nikaandika anwani mwenyewe bila kubofya chochote ndani ya barua, nikakuta wameshaeleza: faili ni la Windows, la kazi za Java (lugha ya kuandikia programu), na onyo ni uzushi. Mwaka 2001 watu walishafutishwa sulfnbk.exe kwa mtindo huo huo, nalo lilikuwa chombo halali cha Windows cha kurudisha majina marefu ya mafaili.

Tangu hapo, nikipokea onyo nachukua sentensi yake moja ya ajabu ajabu, naiweka ndani ya alama za kunukuu na kuitafuta, pamoja na neno hoax, yaani uzushi, kwa kuwa mengi ya maonyo haya huzaliwa kwa Kiingereza. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Maneno hayabadiliki sana, watu wanabadilisha jina la kirusi tu.

Halafu naangalia nani ametajwa kuwa shahidi. Good Times, uzushi wa mwaka 1994, ulijificha nyuma ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ambayo kutangaza virusi si kazi yake. Ule wa mwenge wa Olimpiki, uliovuma 2006, ulitaja CNN na Microsoft. Majina makubwa, lakini hakuna ukurasa wa kufungua wala tarehe. Wanaandika "jana", na hiyo jana haizeeki. Onyo la kweli hutaja vitu vinavyokaguliwa: kirusi ILOVEYOU cha Mei 2000 kilikuwa na kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kampuni za kukinga virusi zililiandika jina hilo wazi.

Pana mtego mmoja. Kirusi Magistr kiliweza kusambaza sulfnbk.exe iliyokwisha kuambukizwa. Kwa hiyo faili lililokuja na Windows naliacha lilivyo, ila lenye jina hilo hilo likija kama kiambatisho silifungui, hata kama limetoka kwa bosi.

Siku hizi yanakuja zaidi kwa WhatsApp. Lile linalodai video iitwayo "Martinelli" huharibu simu ukiifungua ni la uongo, lakini mara nyingine limeunganishwa na habari ya WhatsApp Gold, toleo bandia la WhatsApp, ambayo kweli ilikuwa ulaghai. Nalikata vipande, kila dai nalikagua peke yake. Jibu simpi mtu mbele ya kundi, hasa akiwa mkubwa kwangu. Shangazi nilimwandikia pembeni: "Shikamoo shangazi, hili la video ni uzushi, lile la Gold ndilo la kuepuka," nikaweka na kiungo. Akaufuta ujumbe mwenyewe, kisha akawaandikia wengine wasiusambaze.