Bomba la Sindano la Baba

Juni 2010, redio za Muheza zikitangaza Kombe la Dunia kutoka Afrika Kusini asubuhi hadi usiku, mimi nilikuwa uani kwa dada yangu nikifufua pikipiki ya Baba. Yamaha AG100, cc 97, yenye kibebeo mbele na nyuma. Baba alikuwa bwana mifugo. Kwa pikipiki hiyo alizunguka vijiji vya Amani akichanja ng'ombe, mvua na jua, hadi alipostaafu akaiegemeza ukutani. Ilikaa hapo miaka sita. Nilitaka kumpandishia mlimani Amani, alikokuwa anaishi, ikiwa hai, bila kumwambia kitu.

Injini ya AG100 ni ya mipigo miwili. Oili haikai chini ya injini kama kwenye pikipiki za siku hizi. Inaingia pamoja na petroli, inalainisha beringi na pistoni, kisha inaungua na kutoka kuwa moshi. Kiwandani ilitoka na kitangi cha oili na pampu ya kujipimia yenyewe, lakini pampu ile ilikufa zamani na fundi akaiziba. Tangu hapo Baba alichanganya kwa mkono, moja kwa moja kwenye tangi la petroli. Kwa kipimo gani? Sikujua, na kumuuliza kungeharibu siri yangu.

Nilimwaga petroli ya zamani iliyogeuka rangi ya chai, nikafungua kabureta, nikazibua jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli. Kwenye kimkebe cha spana chini ya kiti nilikuta bomba la sindano la plastiki, la mililita 20, lile la kuchanjia mifugo, limebadilika rangi kuwa kahawia. Nikaliweka dirishani. Nilidhani ni vitu vya kazini kwake vilivyosahaulika.

Kisha nikaanza kuchagua mafuta, na hapo ndipo nilipokosea kila hatua kwa sababu ya mapenzi. Nilikuwa nimesoma kwamba nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye madini ya risasi mwanzoni mwa 2006. Nikajiambia: pikipiki hii imezaliwa enzi za risasi, bila risasi itaumia. Nikanunua mjini Tanga kichupa cha dawa ya kutia kwenye tangi, bei yake inakaribia petroli yenyewe. Oili nikaichukua kwa wauza vifaa vya boti kule Deep Sea, sokoni kwa wavuvi wa Tanga, maana mashine za wavuvi nazo ni za mipigo miwili. Oili ya mipigo miwili, 2T kama inavyoandikwa chupani, ni ile ile tu, nikaona. Petroli nikanunua ya kidumu, kando ya barabara, lita tano. Na kwa kuwa niliihurumia ile injini kongwe, nikaimiminia oili bila kupima, nyingi.

Ilipiga kwa kiki ya tatu. Dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kimya. Moshi na mlio ule ulikuwa ni Baba anarudi kazini.

Asubuhi yake nikaondoka. Hadi Sigi, ilipoishia zamani reli ya Wajerumani kutoka Tengeni, ilikwenda vizuri. Baada ya hapo barabara inapanda kwa kona zinazofuatana ndani ya msitu, nami nikawa gia ya pili, mkono umevutwa mpaka mwisho. Nikasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Sikuuelewa. Nguvu ikazama, halafu gurudumu la nyuma likajifunga ghafla na pikipiki ikaserereka kuelekea mtaroni. Nilivuta klachi kwa woga tu, na woga huo ndio ulioniokoa.

Injini ilikuwa imenoki, pistoni imekwama ndani ya silinda. Nilikaa juu ya jiwe karibu saa nzima, nikiiangalia inavyotoa joto, roho inaniuma kana kwamba nimemwangusha mzee mwenyewe. Nikairudisha Sigi kwa mteremko, na kutoka hapo gari la maziwa likatubeba mpaka Muheza.

Fundi niliyepelekwa alikuwa mtu mzima, karakana yake chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hii ni pikipiki ya Bwana Mifugo?"

Aliitambua kabla hajanitambua mimi. Akafungua plagi kwanza, akaigeuza juani. Kauri yake ilikuwa nyekundu kama udongo wa njiani.

"Umetia dawa gani humu?"

Nikamweleza kuhusu risasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa silinda, akanionyesha.

"Risasi ilikinga viti vya valvu visilike. Nionyeshe valvu hapa."

Hakukuwa na valvu za aina hiyo. Kulikuwa na matundu tu kwenye ukuta wa silinda, ambayo pistoni yenyewe huyafunga na kuyafungua. Kazi nyingine ya risasi, alisema, ilikuwa kuzuia petroli isiripuke kabla ya wakati wake, lakini injini hii ina mgandamizo mdogo, petroli ya kawaida inaitosha ikiwa safi. Akachovya kidole kwenye petroli iliyobaki kidumuni kabla ya kuchanganywa, akadondosha tone kwenye karatasi ya gazeti. Tuliliangalia likikauka. Likaacha doa la mafuta.

"Mafuta ya taa," akasema.

Mwaka ule neno kuchakachua lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakayachanganya na petroli na dizeli kujipatia faida. Miezi michache baadaye EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambua mafuta halali, kwenye mafuta, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kokoto nilizozisikia mlimani zilikuwa ni petroli hiyo ikiripuka vibaya. Kingo za kichwa cha pistoni zilikuwa na vitundu kama zimedonolewa na kuku, na upande wa ekzosi ilikwaruzwa kutoka juu hadi chini.

Oili ndiyo iliyoniuma zaidi. Alisoma chupa yangu, TC-W3, alama ya oili ya mashine za boti, akaitua chini taratibu. Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, akasema, na oili yake imetengenezwa kwa ubaridi huo. Hii inapozwa na upepo, na mlima wa Amani kwa gia ya pili hauna upepo. Tena ule wingi niliouona huruma ulizidisha joto: oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti, hewa inabaki nyingi, moto unakuwa mkali. Tafuta chupa ya pikipiki, akaniambia, iliyoandikwa JASO FC au FD, viwango vya Kijapani vya oili ya mipigo miwili.

"Na kipimo, mzee?"

"Baba yako alikuwa anapima kwa bomba lake la ng'ombe. Mara mbili kwa lita."

Mililita 40 kwa lita moja. Moja kwa ishirini na tano. Nilirudi kwa dada mbio; bomba lilikuwa bado dirishani.

Silinda ilipanuliwa Tanga, ikatiwa pistoni ya saizi inayofuata. Wiki tatu baadaye nikapanda tena, petroli ya kituoni, oili ya pikipiki, bomba mfukoni, nikipumzisha injini kila baada ya kona kadhaa.

Baba alitoka nje kabla sijafika uani. Hakunisalimu. Aliinama karibu na silinda, sikio limeelekezwa, kama alivyokuwa akisikiliza tumbo la ng'ombe mgonjwa, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akainua mkono.

"Zima," akasema. "Iache ipumzike."